Kioo Alichokivunja Teleza

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Nimeona, na jina hilo alilichuma mwenyewe, maana hakuna habari iliyoingia katika chumba chake cha kusukia nywele asiipokee kwa neno hilo. Ukimwambia duka fulani linauza friji zinazokufa kabla mwaka haujaisha, atasema nimeona. Ukimwambia kliniki ile ya ghorofani ina daktari wa meno mwenye mkono mwepesi, atasema nimeona, kisha atakutajia jino, upande lilipokuwa, na mwenye jino.

Alikuwa amesuka nywele kwa miaka ishirini na sita. Chumba chake kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimekwama siku nyingi, benchi la wanaosubiri, na dirisha lililotazamana na karakana ya matairi. Mtu anayesukwa hana pa kukimbilia. Anakaa saa tatu, saa nne, kichwa kimeshikwa na masikio yako wazi. Ndiyo maana maneno ya Bi Nimeona yalifika mbali kuliko gazeti. Watu walikuja kumuuliza godoro lipi halibonyei, fundi yupi wa mabomba hakimbii kazi, kampuni ipi ya bima inalipa bila kumzungusha mtu. Waliondoka na nywele zimesukwa na jibu mkononi.

Katika hadithi zake zote, hakuna iliyopendwa kama ya kabati. Wateja wa zamani waliiomba kama wimbo.

"Mnakumbuka tulipohamia nyumba yetu," angeanza, kitana kikiwa kimesimama hewani. "Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniachia kabati la mbao lenye kioo mlangoni. Alilipata kwa miaka mitatu ya kushona sare za shule. Tukaita ile kampuni ya malori ya bluu. Nimesimama mlangoni, naona kwa macho yangu haya mawili. Jamaa mmoja mrefu, kabati begani. Nikamwambia, baba, taratibu. Akasema, usijali mama, hii ndiyo kazi yetu. Ngazi ya kwanza, akapanda. Ya pili, akapanda. Ya tatu, mguu huo, telee! Kioo chote chini. Na mnajua alisema nini? Alisema kilikuwa kimeshavunjika."

Hapo benchi zima lilikuwa likivunjika mbavu. Bi Nimeona aliwaacha wacheke, kisha akamalizia: "Nikampa jina palepale. Teleza. Na ukimwona hata leo, mwite hivyo, ataitika."

Miaka tisa aliisimulia hadithi hiyo. Hakuna ajuaye ni familia ngapi zilizokuwa zimeshika simu kuita malori ya bluu zikaiweka chini.

Jumamosi moja, binti yake mkubwa alikuja chumbani akakaa kwenye kile kiti kilichokwama. Binti huyu alifanya kazi kwenye duka la dawa, na alikuwa mtu wa kusoma karatasi ya maelezo mpaka mstari wa mwisho. Mume wake alikuwa amehamishiwa kazi mji mwingine. Walikuwa na wiki tatu za kufungasha vitanda, friji, cherehani na watoto wawili.

"Mama," alisema, "nataka kuwachukua malori ya bluu."

Mikono ya Bi Nimeona ilisimama kwenye kichwa cha mteja.

"Sikusikia vizuri."

"Umesikia. Tazama hapa." Binti alimnyooshea simu. "Watu mia nne na kumi na mbili wametoa maoni. Wastani ni nyota nne na nusu. Hakuna kampuni nyingine yenye hata nusu ya maoni hayo."

"Watu mia nne. Kati yao nimemsuka nani?"

"Mama."

"Nakuuliza. Mtu simjui, sijui anaishi wapi, sijui kama ana kabati. Halafu nimwamini yeye niache macho yangu?"

"Wewe ni mmoja, mama. Wao ni mia nne."

"Mimi ni mmoja, lakini nilikuwepo."

Mteja aliyekuwa kitini, muuza mitumba mwenye maneno machache, alisema yeye angemsikiliza mama. Binti alisogeza skrini mpaka chini kabisa, akamwonyesha mama yake maoni yenye nyota moja. Yalikuwa ya mama mwenyewe. Binti ndiye aliyeyaandika, akiwa na miaka kumi na saba, huku mama akimtajia neno kwa neno. Watu sitini na watatu walikuwa wamebonyeza kuonyesha kwamba maneno hayo yamewasaidia.

"Sitini na watatu," alisema Bi Nimeona, na hakuficha raha yake.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe walikubaliana jambo moja. Wangekwenda pamoja ofisini kwa kampuni hiyo. Mama angewauliza habari za kioo uso kwa uso, na binti angesikiliza watakavyojibu kabla ya kuweka saini popote.

Jioni Bi Nimeona alipomweleza mumewe, mumewe alikohoa. Huyu alikuwa fundi saa, mtu mpole, aliyefanyia kazi zake kwenye meza ndogo kando ya dirisha la sebuleni, lenzi jichoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi.

"Achana nao," alisema. "Miaka tisa sasa. Unakwenda kutafuta nini?"

"Natafuta wakiri."

"Mwache mtoto achague mwenyewe."

"Ndiyo nakwenda kumsaidia achague."

Fundi alirudisha lenzi jichoni. Walipotoka Jumanne asubuhi, alikuwa ameinama juu ya saa ya mkononi ya mtu, na hakuinua kichwa kuwaaga.

Ofisi ilikuwa nyuma ya uwanja ambamo malori mawili yalikuwa yakioshwa. Ndani mlikuwa na meza moja, makabati ya chuma ya kuwekea mafaili, kalenda ya mwaka uliopita, na karani. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Aliwakaribisha, akawapa viti, akauliza wanahama kutoka wapi kwenda wapi.

"Kabla ya hapo," alisema Bi Nimeona, "nina jambo langu la miaka tisa."

Akaanza. Aliisimulia yote, kwa sauti ile ile ya chumbani kwake, na mikono akaitumia. Waosha malori wawili walikuja kusimama mlangoni na matambara yao, wakasikiliza. Alipofika ngazi ya tatu mmoja wao alicheka, kisha akamtazama karani, akanyamaza.

Karani hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, alivua miwani.

"Wakati kabati linapakiwa, mama, kule mlikohama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kule mlikohama, sio kule mlikofika."

Bi Nimeona alirudisha mawazo nyuma. Siku ile yeye alitangulia asubuhi na ufagio na ndoo, kuisafisha nyumba mpya. Aliyebaki nyuma kupakia alikuwa mumewe.

"Nilikuwepo lilipoteremshwa," alisema.

Karani aliinuka. Hakwenda kwenye makabati ya mafaili. Alivuta droo ya meza yake, ya chini kabisa, akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya rangi ya waridi, nakala ya fomu ambayo wafanyakazi wao huijaza kabla ya kubeba chochote.

"Za mwaka ule tulishazitupa zote," alisema. "Hii niliiweka kwa sababu yako. Nilijua ipo siku utakuja."

Aliiweka mezani, akaigeuza iwatazame wao. Binti ndiye aliyeanza kusoma, kwa sauti, kabla ya kujua anasoma nini.

"Kabati la mbao, milango miwili. Kioo cha mlango wa kulia kimevunjika kabla ya kupakiwa. Vipande vimefungwa ndani ya blanketi la mwenye nyumba. Imesomwa na kukubaliwa."

Sauti ikamfifia mwishoni. Chini ya maneno hayo palikuwa na saini, na ilikuwa saini ambayo Bi Nimeona angeitambua hata gizani. Kiduara kidogo chenye mishale miwili ndani. Mumewe alikichora kwenye kila karatasi maishani mwake, na alikikwaruza kwa sindano ndani ya mfuniko wa kila saa aliyoitengeneza.

Bi Nimeona aliigusa ile saini kwa kidole, kana kwamba ingefutika.

"Hii mmeiandika baadaye," alisema, lakini alisema polepole, na hata waosha malori waliona hakuwa akimwambia mtu yeyote.

"Tulikujibu, mama," alisema karani. "Siku tatu tu baada ya kuandika kwenye mtandao. Tulikuomba uje uione. Jibu liko chini ya maneno yako mpaka leo."

Binti alitoa simu kwa haraka. Aliyafungua yale maoni ya nyota moja, akabonyeza alama ndogo ambayo hakuwahi kuibonyeza. Likafunguka jibu la mistari minne, la heshima, lenye tarehe ya miaka tisa iliyopita.

Baadaye kidogo binti alijikaza. Pengine alitaka kumwokoa mama yake na aibu, pengine alitaka kuokoa hoja yake. "Basi angalau hao mia nne walisema kweli," alisema.

Karani aliangalia mlango, akawaashiria waosha malori warudi kazini. Walipokwisha ondoka, alisema, "Mimi nimebakiza siku kumi na moja nistaafu, kwa hiyo nitakwambia. Hayo ya mwanzo thelathini na mbili, tuliyaandika mimi na binamu yake bosi. Wiki ile ile mama yako alipoandika. Bosi alisema tumzibe. Nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikajifanya mwalimu, nikajifanya mjane, nikajifanya mwanajeshi aliyehamishwa kituo."

Binti alibaki ameshikilia simu. Alikuwa ameyasoma maoni ya yule mjane mara mbili. Yalikuwa yamemgusa.

"Na yaliyobaki?" aliuliza.

"Yaliyobaki ni ya watu. Lakini mtu mwenye furaha huandika kwa sababu dereva kamwomba aandike, bado anahema na maboksi. Ukitaka kujua habari zetu, usisome huko." Alielekeza kidole kwenye kabati la chuma. "Faili la malalamiko la mwaka huu lile pale. Soma."

Bi Nimeona hakuyasikia vizuri hayo ya mwisho. Alikuwa ameshasimama. Aliomba ile karatasi, karani akamtolea nakala kwenye mashine, na akatoka nayo uwanjani bila kuaga. Hakukumbuka baadaye alivyofika nyumbani.

Fundi alikuwa mezani pake. Mkewe aliiweka karatasi juu ya kitambaa cheusi ambacho mumewe alipangia vyuma vidogo vya saa. Fundi alivua lenzi.

"Wamekupa," alisema.

"Wamenipa."

Alikaa akiitazama saini yake. Mikono yake, ambayo haikuwahi kuangusha hata skrubu ya ukubwa wa chembe ya mchanga, ilikuwa imelala mapajani.

"Niliuvua ule mlango ili kioo kisiumie njiani," alisema. "Nikauegemeza ukutani. Nikageuka kuchukua bisibisi. Ukateleza wenyewe, mke wangu. Hakuna mtu aliyeugusa. Yule bwana alinisaidia kuokota vipande, akajikata kidole. Ndiye aliyeniambia, mzee, tuandike kabisa hapa ili mama asije akafikiri vingine."

"Halafu?"

"Halafu tukafika huku. Ukafungua blanketi. Ulianza kusema kabla mimi sijaanza."

"Ungenikatiza."

"Ulikuwa unalia, na unamnyooshea yeye kidole. Akanitazama. Alikuwa ananisubiri niseme." Fundi alitazama tena ile karatasi. "Nikatazama viatu vyangu. Nikajiambia nitamweleza jioni, akitulia. Jioni ukawa umeshamsimulia dada yako na jirani. Kila mwaka ilizidi kuwa ngumu. Mwanzo kilikuwa kioo tu. Baadaye kikawa kioo na uongo. Ukaanza kuwachekesha watu. Ningeanzia wapi?"

Bi Nimeona alishika tama. Hasira ilikuwepo, aliisikia ikija kutoka mbali, lakini mbele yake palisimama kitu kingine kilichomtisha zaidi.

"Lakini nilimwona," alisema. "Nilimwona akiteleza."

"Wapi?"

"Hapa mlangoni. Ngazi ya tatu."

"Ngazi gani?" aliuliza Fundi.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa jambo asilolielewa. Bi Nimeona aliinuka akaenda mlangoni, akaufungua wote. Nje palikuwa na kizingiti kimoja, kimo cha tofali. Hapakuwa na kingine. Alikuwa amekivuka mara nne kwa siku kwa miaka tisa, akakipiga deki, akakalia kukata mboga, akamwambia mjukuu asijikwae hapo.

Alisimama nje, akaingia, akatoka tena. Ngazi zilikuwa za nyumba waliyohama, ile ya kupanga ghorofani, na siku ile hakuwepo huko. Hata hivyo, alipofumba macho alimwona yule mtu akipanda, moja, mbili, tatu. Aliiona soli ya kiatu chake, ya mpira wa kijivu, imelika upande. Aliuona uso wake ulivyobadilika. Angeapa mbele ya hakimu. Alifumbua macho, na pale mbele palikuwa na tofali moja.

Alikaa palepale kizingitini, na Fundi akaja akakaa karibu naye.

Siku tano hawakusemezana ila mambo ya chumvi na funguo. Siku ya sita, ambayo ilikuwa Jumatatu na chumba cha kusukia hufungwa, Bi Nimeona alivaa viatu akamwambia mumewe, "Vaa na wewe." Binti alikuwa amempata karani kwa simu akaelekezwa. Yule mtu mrefu alikwisha acha kazi ya malori. Siku hizi alikodisha viti na mahema ya shughuli, kwenye uwanja mdogo nyuma ya mashine ya kusaga.

Walimkuta anasugua viti vya plastiki kwa brashi, vimepangwa juu kwa juu kumzidi kimo. Alikuwa na mvi sasa, na alijishika kiuno alipojinyoosha.

"Karibu, Bi Nimeona," alisema. "Karibu, fundi."

Bi Nimeona alikuwa ameandaa maneno njiani. Yote yalitoroka. Mumewe ndiye aliyetangulia, na alisema neno fupi: "Ni mimi niliyekivunja."

"Najua, fundi. Nilikuwepo."

Aliwapangusia viti viwili, wakakaa. Yeye akakalia ndoo aliyoipindua.

"Kwa nini hukusema siku ile nani amekivunja?" aliuliza Bi Nimeona.

"Nilimtazama mzee, mzee akatazama chini. Nikasema hawa ni mume na mke, mimi ni mbeba kabati. Nisije nikawaharibia nyumba siku ya kwanza wanapoingia. Fomu nilikuwa nayo mfukoni, nikajua yatakwisha." Aliizungusha brashi mkononi. "Hayakuisha. Wateja wakaanza kumwuliza bosi, huyo mrefu ndiye Teleza? Kama ndiye, msituletee. Bosi alijua sina kosa, fomu aliiona. Lakini alifanya nini? Akanitoa kwenye vyombo vya nyumbani, akanipeleka kubeba saruji. Mwaka wa pili wa saruji mgongo ukasema basi."

Bi Nimeona alifunika mdomo kwa mkono. Fundi alikuwa ameinama mpaka kidevu kimegusa kifua.

"Na kuna siku ulinisimulia mbele yangu," alisema yule mtu.

"Mimi?"

"Sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu. Miaka mitatu sasa. Nilikuwa napanga viti. Ulikaa safu ya pili, watu wamekuzunguka. Ukaanza, nimesimama mlangoni, naona kwa macho yangu. Nilikuwa na viti vinne mikononi, nimesimama karibu yako kama hivi ninavyokaa sasa. Ukanitazama usoni, ukasogeza mkoba wako ili nipite, ukaendelea. Watu wakacheka." Alikwangua doa kwenye kiti kwa ukucha. "Na mimi nikacheka."

"Mungu wangu," alisema Bi Nimeona kwa sauti ya chini kabisa. "Kwa nini hukunisimamisha?"

"Ungeniamini?"

Alitaka kusema ndiyo.

"Hapana," alisema.

"Basi."

Alimwomba msamaha, na Fundi akaomba, na yule mtu akaupokea kwa kutikisa kichwa tu, kama anayepokea mzigo uliochelewa. Bi Nimeona alisema binti yake ataandika upya kwenye mtandao, kila kitu, na kosa lilikuwa la nani.

"Aandike kama anataka," alisema yule mtu. "Lakini mimi jina la Teleza sikulipata mtandaoni. Nimelipata kwenye kiti chako. Wanangu wameitwa hivyo shuleni, watoto wa Teleza. Wasimulie walewale uliowasimulia."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kesho yake Bi Nimeona aliwasubiri wateja mpaka benchi likajaa, akapiga moyo konde, akaanza. Aliwaambia hakuwepo. Aliwaambia kuhusu mlango ulioegemezwa ukutani, bisibisi, fomu ya waridi, kizingiti kimoja. Alipofika kwenye viti vinne mikononi mwa yule mtu, alikiweka kitana chini.

Muuza mitumba ndiye aliyesema kwanza.

"Sasa na friji zile unazosema zinakufa, uliziona?"

"Hizo niliambiwa."

"Na daktari wa meno?"

"Nilimwona mgonjwa akitoka. Ndani sikuingia."

Muuza mitumba alijishika shavu. Meno mawili alikuwa ameyang'oa kwa daktari huyo.

Mwingine, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, hakupendezwa kabisa. Alisema hadithi ya zamani ilikuwa nzuri, na hii mpya imemharibia siku. Akauliza, nusu mzaha, kama hawezi kusimuliwa ile ya zamani tu huku wote wanajua si kweli. Bi Nimeona alimwambia hapana, na mama huyo hakurudi kwa miezi miwili.

Binti naye alikuwa amerudi ofisini peke yake akalisoma faili la malalamiko kwa saa nzima. Yalikuwa kumi na saba kwa mwaka. Mengi yalikuwa ya kuchelewa, mawili ya vitu vilivyovunjika, moja la boksi lililopotea likaonekana. Aliwapigia simu watano kati ya waliolalamika, maana hao, alisema, hakuna aliyewaomba waandike. Watatu walisema wangewaita tena. Akaweka saini. Lori lilikuja saa tatu baada ya wakati walioahidi, na mguu wa meza ukafika umechubuka. Aliandika maoni yake ya nyota tatu, akaeleza saa hizo tatu na mchubuko huo. Chini ya yale ya zamani ya mama yake aliandika kweli yote bila kuyafuta.

Miezi ikapita. Fundi alipata desturi ya kusema mambo mapema, hata yasiyo na maana. Alimwambia mkewe kwamba kikombe kimepata ufa kabla hata hajakiosha. Yule mtu wa viti alianza kuitwa kwa jina lake na baadhi ya watu, sio wote.

Kisha, asubuhi moja, alikuja mteja mgeni kutoka upande wa pili wa mji, mwanamke mchangamfu aliyetaka nywele ndogondogo za kazi ya siku nzima. Alikuwa msemaji. Alisema wanatarajia kuhama, na wanatafuta kampuni.

"Ila malori ya bluu, hapana," alisema. "Walimfanyia shangazi yangu kitu. Alikuwa na kabati la marehemu mama yake, lenye kioo. Kuna jamaa wao mmoja anaitwa Teleza. Akapanda nalo ngazi, ya kwanza, ya pili, alipofika ya tano..."

Kitana kilimponyoka Bi Nimeona. Wanawake wawili benchini walitazamana.

"Shangazi yako," alisema, "ulimsikia mwenyewe akisimulia?"

"Si shangazi wa damu. Jirani yake shangazi. Lakini habari ninayo kamili."

Bi Nimeona alizunguka akaja kusimama mbele ya kiti, akamtazama yule mwanamke machoni.

"Dada, sikiliza. Kabati hilo lilikuwa langu. Mama aliyekufa ni mama yangu. Kioo alikivunja mume wangu, kabla kabati halijapakiwa. Hapakuwa na ngazi. Mimi ndiye niliyeyasema hayo, na nilikosea."

Mwanamke alimsikiliza kwa makini, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Alifikiri. Alimwonea huruma kweli, ilionekana usoni.

"Pole, mama," alisema. "Basi yalikuwa makabati mawili."

Akageuza kichwa, akakiinamisha, ili aendelee kusukwa.